Pembe ya Kushoto ya Taji

Mnaonijua mnajua kwamba nikiulizwa kitu mbele ya watu, jibu hunijia watu wakishaondoka. Ndiyo maana mliponibana kwenye lifti ya jengo letu hapa Al Nahda mkitaka kujua nilikwenda Hatta kufanya nini, na kama ni kweli niligombana na Mwarabu kwa ajili ya mnyama, nilicheka tu mpaka lifti ikafika ghorofa yetu. Sasa nimekaa peke yangu na ninaandika. Kuandika hakunitoi jasho.

Kwanza, sikugombana na mtu. Pili, mnyama mwenyewe anaitwa Taji.

Mjomba Khamis, kaka yake mama, anatunza wanyama kwenye mazraa, yaani shamba, ya mzee mmoja kule Hatta, milimani, mahali ambapo bado ni Dubai ingawa hapafanani nayo hata kidogo. Mzee huyo sote tunamwita arbab, kama kila mtu hapa anavyomwita mwenye kazi. Ana mbuzi wengi, ngamia wawili, na kulungu wachache wenye madoa meupe waliotoka Bara Hindi. Mjomba anawaita paa, kwa sababu kwao Makunduchi kila chenye pembe na miguu myembamba ni paa. Lakini pembe za paa ni za maisha. Za kulungu hawa huanguka, na mahali pake huota mpya, zikiwa zimevikwa ngozi laini kama mahameli, mpaka zikomae na ngozi ichubuke. Taji ndiye dume lao.

Safari hii pembe yake ya kulia ilipanda juu na matawi yake, kama kawaida. Ya kushoto ilitoka ikateremka. Ilipita mbele ya sikio, ikajikunja kama ndoana, na ncha yake ikawa inalitazama jicho. Mjomba alinitumia picha, nikaikuza mpaka nikaogopa. Baadaye akanitumia sauti. Alisema kuna mgeni wa arbab aliyeiona ile pembe akatamka kwamba hiyo ni mbegu mbovu, dume huyu atazaa vilema watupu. Arbab amekata shauri achinjwe Jumapili, aliwe na wageni.

Mimi nilijua si mbegu. Likizo iliyopita nilikuwepo Taji aliponasa mguu wa nyuma wa kulia kwenye waya wa uzio. Ni mimi niliyemshikia mjomba chupa ya dawa. Nikamwuliza mwalimu wetu wa baiolojia (kwa ujumbe, sikumfuata mezani), akanielekeza pa kusoma, nikasoma: kulungu akiumia mguu wa nyuma, mara nyingi pembe ya upande wa pili ndiyo inayoharibika. Kwa nini iwe upande wa pili, bado wanabishana. Na pembe mbovu ikishaanguka, kama mguu umepona, inayofuata huweza kutoka sawa.

Nikampigia mjomba nikamwambia amweleze arbab.

"Mwanangu," akasema, "arbab akiniuliza, nitamjibu. Hajaniuliza."

Basi nikabaki mimi.

Al Nahda mpaka Satwa

Mama alinikubalia niende Jumamosi, kwa masharti. Nimpigie simu kila nitakapofika, nirudi na mjomba Jumapili, na nipitie Satwa kwa fundi kumchukulia mjomba kanzu yake.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo mama hakulitaja kwa kuwa lilikuwa langu. Nilikuwa nimefunga. Wasichana mtanielewa, wavulana someni haraka mpite. Kila Ramadhani zipo siku ambazo sisi hatufungi, na hizo lazima zilipwe kabla Ramadhani nyingine haijaingia. Mimi husema nitalipa mfungo mosi, halafu mfungo pili, halafu kukiwa na baridi, mpaka Shaaban, mwezi wa mwisho, inanikuta mikono mitupu. Sasa siku nilizobakiza na siku zilizobaki zilikuwa zinalingana. Najua msafiri ana ruhusa ya kula. Lakini ningekula ile Jumamosi, ningeilipa lini?

Kumwambia mtu "nimefunga" mbona rahisi, mtasema. Si rahisi. Ukisema umefunga, mtu anauliza, kulikoni leo? Na ukiwa na umri wangu, na ni Shaaban, na anayeuliza ni mwanamume, unatamani sakafu ipasuke.

Nilifika Satwa kanzu ikiwa haina ukosi. Fundi, mzee wa Kipakistani mwenye ndevu nyekundu za hina, aliiinua, akaitazama kama vile na yeye anashangaa, akaniambia nikae dakika tano. Nikakaa. Dakika tano za Satwa mnazijua. Akanionea haya, akaagiza chai ya maziwa na sambusa kutoka mgahawa wa pembeni. Nikasema asante, sitaki. Akadhani nimekasirika. Akaagiza juisi ya embe. Nikasema asante. Sasa akaamini kwamba nimekasirika kabisa. Akawasimamisha wenzake wawili waliokuwa wanashona suruali, wote watatu wakaivamia kanzu ya mjomba, huku mimi nimeinamisha kichwa nikisoma kibandiko cha cherehani mara ya kumi. Nadhani hakuna kanzu iliyowahi kutoka Satwa kwa kasi ile. Mlangoni akanitia zile sambusa mkononi kwenye mfuko wa karatasi na kuniomba radhi kwa Kihindi, Kiarabu na Kiingereza. Nikashindwa kumwambia, kwa lugha hata moja, kwamba hakunikosea.

Kusubiri basi

Basi la Hatta lilikuwa limeshaondoka. Nilimpigia mama nikamwambia nimefika kituoni, jambo ambalo lilikuwa kweli. Kisha nikakaa kwenye benchi na kanzu ya mjomba mapajani na sambusa zikinukia.

Kando yangu akaja kukaa dada mmoja wa Kiganda, mrefu, sare ya ulinzi ameitundika kwenye hanga ndani ya nailoni. Anaitwa Prossy. Ni askari wa lango kwenye hoteli ya Hatta, alikuwa anarudi kutoka mapumziko. Alifungua chapati yake iliyokunjiwa mayai, ile wanayoiita roleksi, akaanza kula. Akanikaribisha. Nikakataa. Akatazama mfuko wangu.

"Wewe mtoto," akasema, "hiyo sambusa yako inanukia mpaka huku na wewe unaiangalia tu. Ilikukosea nini?"

Nikasema sina njaa. Tumbo langu likanguruma kama lori linalopanda mlima.

"Hilo tumbo liko na maoni tofauti," akasema.

Nikampa sambusa zote. Alizipokea, akala moja, lakini tangu hapo akawa ananichunguza. Basi lilipokuja akakaa nami kiti kimoja bila kuniuliza.

Njia ya Hatta

Tulikwenda vizuri mpaka tulipoyaacha majengo, kisha tukasimama. Mbele kulikuwa na lori lililomwaga matofali. Dereva alizima injini, kiyoyozi kikafa, na watu wakaanza kufungua vyakula vyao: ndizi, biriani kwenye makopo, biskuti. Baba mmoja nyuma yangu akanipitishia chungwa lililomenywa. Nikalipitisha kwa Prossy. Ndipo alipoona yametosha.

Alianza kunihoji polepole, kama anayemhoji mtu langoni. Nyumbani wanajua niko wapi? Nikasema wanajua. Mbona kila nikipiga simu nanong'ona? Nikasema ndivyo ninavyoongea. Mbona sili? Nikageukia dirisha. Na hiyo nguo ya kiume kwenye mfuko ni ya nani?

"Ya mjomba wangu."

"Eeh," akasema, "wote husema ni mjomba."

Nilichelewa kuelewa. Nilipoelewa, masikio yaliniwaka moto. Dada huyu alidhani natoroka nyumbani nikamfuate mwanamume, nimembebea na kanzu! Ikabidi niseme, na nikisema lazima niseme yote. Nikamwambia habari ya funga, maana yeye ni mwanamke. Nikamwambia habari ya Taji, na mguu, na pembe, na Jumapili. Aliposikia nimefunga alikunja chapati iliyobaki akaitia mkobani. Nilimsihi ale, akasema yeye ni Mkristo lakini si mkatili. Kuhusu Taji alifikiri sana. Lori lilishaondolewa, mchanga wa nje ulishageuka mwekundu, na ile milima myeusi kama makaa ilishaanza kuchomoza, ndipo aliponigeukia.

"Sawa. Mimi ni arbab. Sema."

Nikasema.

"Hapana. Hayo umeambia viatu vyangu. Mimi niko huku juu."

Nikarudia. Akasema sauti imeishia kwenye dirisha. Nikarudia tena. Baba wa chungwa akawa ameacha kula anasikiliza. Mara ya nne Prossy akanipiga bega kidogo, akafumba macho akalala. Mimi nikaendelea kusema, moyoni, mpaka Hatta.

Kituoni mpaka mazraa

Mjomba hakuwepo. Tulimsubiri hadi vivuli vya nguzo vikawa virefu barabarani. Gari la hoteli lilikuja kumchukua Prossy, akamwambia dereva asubiri. Dereva akapiga honi. Prossy akamwonyesha kiganja, na honi ikakoma.

Hatimaye pikapu ya mjomba ikatokea imejaa majani ya mifugo. Aliteremka bila hata kunisalimu vizuri, lakini Prossy alikuwa ameshanishika mkono.

"Mama ya huyu anaitwa nani?" akamwuliza.

Mjomba akamtazama, akanitazama mimi. "Zuwena. Ni dada yangu, baba mmoja mama mmoja."

"Sawa. Mchukue." Akaniachia.

Ndani ya gari mjomba akaniambia kilichomchelewesha. Wageni wa arbab walikuwa wamesogeza safari yao, wanafika usiku uleule. Mchinjaji ameshakuja. Yeye mjomba alikuwa ametumwa majani, akayanunua kwa mwendo wa kinyonga ili jambo lisifanyike kabla sijafika, na zaidi ya hapo hakuwa na la kufanya. Nikamwuliza, arbab bado hajakuuliza? Akasema bado.

Mazraa

Arbab alikuwa amekaa kwenye mkeka ukumbini, mbele ya zizi la kulungu. Mchinjaji alikaa kando, visu vyake vimefungwa kwenye kitambaa. Kupitia waya nilimwona Taji amesimama, kichwa kimelalia upande wa ile pembe nzito, akifumba jicho la kushoto, lile lililotazamwa na ncha.

Nilisalimia. Arbab ananijua tangu nikiwa mdogo, akanikaribisha nikae, akaanza kuuliza, kama adabu yao ilivyo: mama hajambo? Shule? Baridi ya huko mjini? Mjomba akaingia na dele la kahawa mkono wa kushoto na vifinjani mkono wa kulia, akammiminia arbab, akamfuata mchinjaji, kisha mimi.

Sikuweza kukataa. Ningesema sitaki, wangeuliza kwa nini, na mbele yangu walikuwa wanaume watatu. Nikaipokea finjani kwa mkono wa kulia, nikasema asante, nikaiweka chini mkekani mbele yangu. Nilidhani hakuna atakayeona.

Mjomba alisimama pale pale na dele hewani. Mchinjaji akaacha kunywa. Arbab akanyamaza katikati ya habari za mvua.

Mimi sikujua. Mjomba alinieleza baadaye. Kwa watu wa kule, mgeni akiiweka kahawa chini bila kuionja, amesema bila kusema: nina haja kwako, na sinywi mpaka unitimizie. Na mwenyeji huona aibu kubwa kahawa yake ikipoa mbele ya mgeni. Ni jambo wanalofanya watu wazima, mtu akienda kuposa au kuombea aliyeua asamehewe. Msichana wa Al Nahda haendi kulifanya kwenye zizi.

Arbab akajivuta karibu. Kiarabu chake ni cha zamani, lakini hili nililielewa neno kwa neno.

"Kunywa kahawa yako, binti. Haja yako imeshakubaliwa."

Hakujua hata nataka nini. Yote niliyoyafuata kutoka Al Nahda yalikuwa ndani ya ile finjani, mafunda mawili, na mchinjaji akiwa shahidi. Nilichotakiwa ni kunywa tu. Nitawaambia kweli: mkono wangu ulikwenda. Vidole viligusa finjani, bado ilikuwa ya moto. Kisha nikaurudisha.

Nilimtazama yeye, si viatu vyake.

"Nimefunga, baba."

Nikaongeza kwamba ni siku zangu za Ramadhani, kwa kuwa ningeliacha hilo lingeulizwa. Mchinjaji akageuka kutazama mbuzi. Masikio yangu mnaweza kuyakisia. Arbab akaanza kutabasamu kwenye ndevu.

"Kumbe finjani haina haja yoyote," akasema.

"Finjani haina. Mimi ninayo."

Nikasema. Kiarabu changu ni cha shuleni, na nilipofika kwenye mguu wa nyuma neno likanikimbia. Nikasimama, nikajipiga paja la kulia, nikachechemea mbele yao kutoka mwisho huu wa mkeka mpaka ule, kisha nikapinda mkono wa kushoto kichwani kuwa pembe. Mchinjaji alikohoa kile kikohozi cha mtu anayeficha kicheko. Sikukoma. Nikamwambia arbab kwamba mbegu haina hatia, kwamba pembe hii itaanguka yenyewe, kwamba anachoomba Taji ni muda tu.

Arbab akamgeukia mjomba. "Mguu uliumia?"

Ameulizwa. Niliona mjomba akilishusha dele polepole.

"Uliumia, arbab. Ulinasa kwenye uzio. Wewe ulikuwa safarini, ukapona kabla hujarudi, sikukwambia."

Mzee aliinuka. Tukamfuata zizini. Mjomba akamshika Taji shingoni, na arbab akachuchumaa kwa shida, akaupapasa mguu wa nyuma wa kulia kutoka juu, taratibu, mpaka vidole vyake vikasimama. Palikuwa na uvimbe mgumu wa kovu pale. Akaushika kwa muda mrefu. Halafu akainua macho kwangu.

"Na ikiota tena imepinda?"

Nilitamani kusema haitapinda. Maneno yalikuwa tayari mdomoni.

"Sijui," nikasema. "Huweza kutoka sawa. Huenda isitoke sawa."

"Mgeni wangu alikuwa na uhakika."

"Mimi sina."

Akaegemea uzio akasimama, akajifuta mikono. Akamwambia mchinjaji achague mbuzi wawili. Khalas, imekwisha. Akamwambia mjomba kwamba kesho asubuhi ile ncha ikatwe isije ikamdhuru jicho. Mimi akaniambia mwisho.

"Pembe mpya ikiota utakuja wewe, si mtu mwingine. Utaitazama mbele yangu na utaniambia kweli, hata kama kweli hiyo ni mbaya kwa mnyama wako. Ikiwa ni mbegu, ni mbegu."

Nikasema nitakuja.

Magharibi ilipoadhiniwa, arbab alinipa tende na akanimiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa chungu, ina hiliki mpaka puani. Nilipomaliza akanimiminia nyingine, na nyingine, mpaka mjomba akaninong'oneza kwamba ukitosheka unaitikisa finjani. Hilo nalo lingefaa niambiwe Al Nahda.

Kurudi

Asubuhi ncha ilikatwa kwa msumeno. Haikutoka hata tone la damu. Pembe iliyokomaa ni kama ukucha. Taji alitikisa kichwa, akapiga chafya, akaenda kula, na kwa mara ya kwanza nilimwona akila macho yote mawili yakiwa wazi.

Mjomba alinirudisha kwa pikapu akiwa amevaa kanzu yake mpya. Tulipita langoni pa hoteli, Prossy alikuwa zamu, sare imemkaa kama brigedia. Aliinua nyusi. Mimi nikaweka vidole viwili kichwani kama pembe, akapiga saluti. Mwisho tukaanza kuona majengo. Ndipo mjomba aliponiuliza kama nadhani arbab amemkasirikia kwa lile la uzio. Nikasema sidhani, maana amemwachia msumeno. Akacheka peke yake mpaka mataa ya Al Nahda.

Siku zangu nilizimaliza zote, na Ramadhani ikaingia. Juzi, nikisaidia kukaanga sambusa, mjomba akatuma sauti. Pembe ya kushoto imeanguka. Ameikuta kwenye majani asubuhi, na ya kulia ikafuata. Taji anazunguka zizini kichwa kitupu, hata majike hawamjui. Mahali pa kila pembe pana kidonda chekundu, na kidonda cha kushoto kimeanza kuvimba, laini, cha moto ukikigusa. Kwa sasa ni kitufe tu. Hakijaamua kuelekea popote.

Mama nimeshamwomba ruhusa. Safari hii ameuliza tu nitarudi saa ngapi. Nikifika nikaikuta imenyooka, nitamtazama arbab nimwambie imenyooka. Nikiikuta imepinda, nitamtazama vilevile nimwambie imepinda. Kisha nitaomba upya.